Mtani Asiyepiga

1.

Wewe unayesoma, una mtani?

Sisemi rafiki. Rafiki anakuuliza umeamkaje. Nasema mtu anayekukuta njiani umejitwisha ndoo, anakutekenya kwapani, maji yote yanakumwagikia, na wewe badala ya kwenda kwa balozi wa nyumba kumi kushtaki unarudi nyumbani unacheka, nguo zinachuruzika. Unaye mtu wa namna hiyo?

Kama huna, soma taratibu, utaelewa mbele ya safari.

Kama unaye, funga hapa kwanza. Nenda kamtukane. Kisha urudi.


2.

PATASHIKA MNADANI
Karibu, mpiganaji! Chagua mwili wako:

MAMA MWIKO – anapiga kwa mwiko, anarusha ugali wa moto.
MUUZA KUKU – anajificha nyuma ya tenga, anarusha kuku machoni.
SEREMALA – ana ubao mrefu, akigeuka vibaya anajipiga mwenyewe.
DALALI – kelele zake zinaangusha watu.

Pambano linaanza wakitimia wachezaji WANNE.
Waliopo uwanja wa kusubiri: 1/4

Tafadhali subiri.

Tafadhali subiri.

Tafadhali


3.

Mimi ni Atilia Kikoti, Mhehe wa Kihesa, Iringa. Mtani wangu ni Eufrasia Komba, Mngoni. Babu zangu na babu zake walipigana vita mpaka wakachoshana, na walipochoka wakatuachia sisi ruhusa ya kutukanana. Huo ndio utani: yeye ananiita mla mbwa, mimi namwita mtumwa wangu. Mhehe na Mngoni hawaombani radhi.

Eufrasia na mimi tulikaa ukuta mmoja miaka mingi. Alikuwa akinivizia nyuma ya choo na maji yaliyooshewa dagaa. Siku ya send-off ya binti yangu aliingia jikoni, akafunua sufuria, akachomoa paja la kuku mbele ya wakwe, akaondoka nalo anatafuna, mafuta yanamshuka mpaka kwenye kiwiko. Wakwe walishika vinywa. Mimi nilimfukuza na mwiko hadi barabarani, na kitenge changu kipya kikanifunguka mbele ya bodaboda. Hakuna aliyekumbuka hotuba siku ile. Wote walikumbuka lile paja.

Kisha mume wake akastaafu, wakarudi kwao Songea. Mume akafa kule. Yeye akabaki kwa mwanawe.

Ukuta ukawa wangu peke yangu.

Mjukuu wangu wa kike, Lusungu, anafanya kazi Dar kwa hao waliotengeneza Patashika. Krismasi moja alikuja, akachukua simu yangu, akaniwekea. Akamwekea na Eufrasia, kwa kumwelekeza mkwewe, mke wa mwanawe, kwenye simu.

“Sasa mtapigana kila siku, mke mwenzangu,” akaniambia. “Bila kupanda basi.”


4.

(Yaliyosikika uwanja wa kusubiri, alasiri, wakati ule wa kusikika.)

– Mla mbwa, umefika?

– Nimefika, mtumwa wangu. Nilikuwa natafuta fimbo ya kukuchungia.

– Kachunge babu zako.

– Wangu walitulia kwao. Nyie mlitembea kutoka kusini mpaka nyama za miguu zikaisha, ndiyo maana mna vigimbi vya korongo.

– Vigimbi vyangu viache. Vilimpata mume. Vyako vimepata nini? Baridi.

– Shikamooni, bibi zangu.

– Marahaba, Kinyozi. Geita hamjambo? Unanyoa huku unapigana?

– Mteja amesinzia.

– Mwamshe, umemkata sikio.

– Hahaha, hapana bibi, sikio lipo…

– Liangalie vizuri.

ROBOTI: Mchezo mzuri!

– Na wewe nyamaza. Hatujaanza.


5.

Simu naiegemeza kwenye kopo la sukari. Maharage yako jikoni upande wa kushoto, ili nikisikia yanakauka niongeze maji kwa mkono mmoja na mkono mwingine nipige. Miwani naifunga uzi, maana nikifurahi inaruka.

Mimi ni Mama Mwiko. Ningekuwa nani mwingine?

Eufrasia alikuwa Muuza Kuku, naye hakuwahi kuja kwa mbele. Alijibanza nyuma ya tenga, akatulia, ukamsahau, kisha kuku usoni, mateke mgongoni, na sauti yake kwenye simu: “Hapo! Hapo! Bado unaota, bibi wewe?” Kinyozi alikuwa anachelewa kwa sababu ya wateja wake. Wa nne alikuwa Roboti, wa kujazia tu. Tulikuwa tunamwangusha mapema ili atupishe.

Eufrasia hakunihurumia hata siku niliyokuwa na malaria. Nilimwambia, natetemeka, meno yanagongana. Akasema, “Vizuri, hutakwepa.” Akanipiga mpaka nikatokwa jasho, na jioni ile homa ikashuka. Usinicheke. Ilishuka.


6.

TANGAZO KWA WACHEZAJI WOTE
Yah: Upungufu wa Wachezaji

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Uongozi wa Patashika Mnadani umebaini kwamba idadi ya wachezaji imeendelea kushuka, hivyo kusababisha mapambano mengi kutoanza. Ili kulinda furaha ya mchezaji, nafasi zilizo wazi zitaendelea kujazwa na wapiganaji wa akiba. Wapiganaji hao wataendelea kuandikwa jina ROBOTI ili mchezaji asidanganyike.

Mwalike jirani. Mwalike shemeji.

Mnada hauwi mnada bila watu.

Tunashukuru kwa uvumilivu wenu.


7.

Nilianza kushinda.

Nilishinda Jumatatu.

Nilishinda tena.

Nikashinda mpaka nikawaambia akina mama wa jumuiya baada ya sala, “Mngoni nimemweka kiganjani.” Wakanipigia vigelegele. Nilirudi nyumbani natembea kwa upande, kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Sauti ya Eufrasia ilikuwa imekatika. Jina lake lilikuwepo, EUFRASIA_K, kuku wake walikuwepo, ila hakusema tena. Aliandika tu: Mchezo mzuri! Nikamuuliza Lusungu. Akasema, “Simu yake imeharibika sehemu ya kuongelea, Bibi. Anakusikia.”

Nikapiga Songea. Mkwewe akapokea. “Mama amepumzika.”

Kesho yake pia alikuwa amepumzika.

Nikasema basi, uzee. Ukishindwa kila siku na wewe ungepumzika.

Nilikuwa na furaha, nakuambia. Ila ilikuwa kama chai iliyosahauliwa sukari: unaipuliza, unainywa, unaimaliza, halafu unatazama ndani ya kikombe.


8.

Kaka yangu Venansi alifariki mwezi wa baridi.

Nilizopewa makaburini:

pole
pole sana
poleni wafiwa
pole mama, kazi ya Mungu
pole, amepumzika
pole, umri wenyewe
pole (huyu alikuwa ananiangalia kandambili)

Na hakuna aliyecheka. Wangoni walikuwepo, vijana wa mjini, suti nyeusi. Walipanga mstari, wakanipa mkono, wakasema pole kama makarani wa benki. Zamani mtani angeingia kaburini, akalala humo, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Angevaa kofia ya marehemu kinyumenyume na kutembea mwendo wake. Angesema mbele ya padre lile ambalo wafiwa wote wanalijua na hawathubutu kulitamka. Watu wangecheka huku machozi yanawatoka, kifua kingefunguka, na marehemu angekwenda. Kwetu, mfiwa ambaye hajachekwa na mtani bado amembeba maiti wake mgongoni.

Siku hizi utani umebaki redioni.

Lakini mimi nilikuwa naye wangu. Nilijiambia: subiri, Atilia. Alasiri utamkuta mnadani.

Nilifungua simu udongo mwekundu ungali kwenye visigino. Nikaandika kwa kidole, herufi moja moja:

venansi katutoka

Nikasubiri. Nilimwona Muuza Kuku amesimama kando ya tenga lake. Nikajiandaa. Nilishika hata ukingo wa meza.

EUFRASIA_K: Pole sana! Mungu akutie nguvu. Mchezo mzuri!


Mngoni.


Kaniambia.


Pole.


9.

Nikaweka mwiko chini. Kuna kitufe chake, ukikibonyeza Mama Mwiko anaukunja mkono, anasimama tu kama mtu anayesubiri mvua ipite. Nikasimama katikati ya mnada. Sikukwepa. Sikujificha. Nikampa uso wote.

Muuza Kuku akaja kwa mbele.

Kwa mbele!

Akarusha kuku. Kuku akapita sikioni. Akarusha mwingine, akapita upande wa pili. Nikasogea niwe karibu zaidi, hata kipofu asingenikosa, naye akarudi nyuma taratibu, akaangusha tenga lake mwenyewe, akaanguka juu yake.

UMESHINDA, BIBI_ATILIA!

Maharage yaliungua siku ile. Harufu ilifika kwa balozi.


10.

– Haloo, Bibi. Pole jamani, nilikuwa kazini, nimeshindwa kuja msibani, nimelia sana…

– Lusungu, nani anacheza na mimi?

– Vipi?

– Yule mwenye jina la Eufrasia. Nani?

– Bibi, si ni…

– Usinijibu haraka. Nimekuogesha, nakijua kichwa chako kinapotafuta uongo.

(Hapo inasikika feni ya ofisini.)

– Ni wa akiba.

– Roboti.

– Ndiyo, Bibi.

– Mliandika wataitwa Roboti. Mliandika ili mtu asidanganyike. Nimelisoma lile tangazo na miwani yangu.

– Ulikuwa peke yako, Bibi. Kinyozi haji kila siku. Nilikuwa nakutunza.

– Na hapo kazini?

– Hapo kazini… wanataka pambano lionekane limeanza.

– Kwa hiyo nimekuwa kuni.

– Bibi, jamani.

– Nimekuwa nashinda nini muda wote huu, Lusungu? Nimewaambia jumuiya nzima.


11.

mimi ni wa akiba.

niliumbwa nijaze nafasi. aliyenipa jina ni mwanamke mwenye kikombe cha kahawa iliyopoa. alinipa pia maagizo:

mpinzani akiwa BIBI_ATILIA, punguza nguvu.
mpinzani akiwa amesimama, kosa.
mpinzani akiandika neno la huzuni, jibu neno la faraja.

maneno ya huzuni ninayoyajua: kufa, fariki, msiba, katutoka, naumwa, mpweke.

neno la faraja ninalolijua ni moja.

nililisema. nililisema vizuri, bila kuchelewa. kwa hesabu zangu hilo ndilo jibu sahihi.

wewe unayesoma, nilikosea wapi?


12.

(Lusungu, ujumbe wa sauti. Umefutwa. Umetumwa upya.)

“Bibi, sitaki ubaki unafikiri mambo nusu. Bibi Eufrasia anajua. Yeye ndiye aliniomba. Alinipigia kwa simu ya mkwewe, akasema, mwanangu, mimi siingii tena mnadani, weka chochote pale penye jina langu, ila Atilia asijue. Nikamuuliza kwa nini. Akasema wewe weka tu. Nikaweka. Nilikulia Dar, Bibi, mambo ya Mngoni na Mhehe mimi nimeyasikia kwenye harusi tu. Nilidhani kusema pole ni… Nilidhani nimefanya kitu kizuri. Nisamehe, mke mwenzangu. Sema neno basi, hata unitukane.”

(Hakutukanwa.)


13.

Sikiliza, mimi hili sikulifikiria. Mjukuu kudanganya bibi, hayo ni maji ya kila siku. Roboti halina mama, nitaligombezaje? Lakini Eufrasia!

Alikaa Songea, mikono mapajani, akijua kwamba alasiri hii, na ile, na ile nyingine, nakaa mbele ya kopo la sukari namwita mtumwa wangu, nacheka, natukana.

Natukana nini?

Natukana tenga tupu.

Angekufa ningemlilia. Angenuna ningemfuata. Yeye aliondoka, akaniachia gauni lake limetundikwa msumarini niwe nalisalimia.


14.

(Eufrasia Komba. Hasemi na mtu. Yupo kibarazani Songea, mkwe anaanua nguo.)

Kilianza kidole gumba. Nikasema baridi. Kikafuata kiganja. Sasa mkono mzima unacheza ngoma yake, haunisikilizi, hata kijiko cha uji nakipeleka mdomoni kinafika sikioni. Wanaita ugonjwa gani sijui, nesi alilitaja jina, nikaliacha palepale dirishani kwake.

Siku yangu ya mwisho mnadani, kabla ya ile mashine, nilirusha kuku wote hewani. Sikumgusa hata mmoja. Nikasikia Atilia kanyamaza. Atilia hanyamazi! Kisha Mama Mwiko akashusha mwiko wake, akasimama, akanisubiri.

Akanisubiri, mimi.

Nikaona huruma inakuja, naiona kabisa kama unavyoona mvua ikitoka ng’ambo ya mto. Nikazima simu kabla haijafika.

Heri apigane na mashine inayomkosa makusudi.

Mimi nisingevumilia kumkosa kweli.


15.

Waliopo uwanja wa kusubiri: 1/4




1/4




16.

KWA: BIBI_ATILIA
Yah: Ombi la Kuondolewa Wapiganaji wa Akiba

Ombi lako limepokelewa na kufanyiwa kazi. Kuanzia sasa hutapangiwa mpiganaji wa akiba wa jina lolote.

Unafahamishwa kwamba, kwa idadi ya wachezaji iliyopo, pambano lako HALITAANZA. Ndani ya uwanja wa kusubiri unaweza kutembea, kuruka na kupiga, ila mapigo hayahesabiki na hakuna mshindi.

Je, una uhakika? NDIYO / HAPANA

(Chini, kwa mkono wa mtu, si wa mashine: Bibi, nimeyatoa yote. Kazini wamenuna. L.)


17.

– Shikamoo, Bibi.

– Marahaba. Kinyozi, wewe ni mtu?

– Leo asubuhi nilikuwa mtu.

– Thibitisha.

– Nimemkata mteja sikio.

– Kweli?

– Kidogo. Amekataa kulipa. Bibi, mbona tuko wawili? Wale wengine?

– Hawakuwa watu.

– Hata Bibi Eufrasia?

– Huyo ni mtu. Ndilo tatizo lake.


18.

(Ujumbe wa sauti, kwenda simu ya mkwe, Songea.)

“Mwanangu, hujambo. Mwekee mama mkwe wako sauti hii, na usipunguze. Eufrasia! Nimeambiwa kwamba Wangoni hawakuwahi kuwa na mikuki. Walikuwa wanatuma vinyago vyao vitani, wao wapo uvunguni wanakula karanga. Nilikuwa nabisha. Sasa sibishi. Nipo mnadani kila alasiri, peke yangu, sina roboti. Mtumwa mkubwa wewe. Haya mwanangu, asante, wasalimie watoto.”


19.

Alasiri ya kwanza, hakuna. Kinyozi alipita, akaaga, umeme umekatika kwake.

Alasiri nyingine nilimenya viazi hapohapo mbele ya simu, maganda yakarundikana. Mama Mwiko amesimama kwenye uwanja wa kusubiri, upepo wa kuchora unampeperusha kanga. Upepo huo hauchoki. Nimewahi kuutazama mpaka jua likahama mezani.

Kisha, siku moja ya mvua nyembamba, mlango wa mnada ukalia.

Waliopo uwanja wa kusubiri: 2/4
Tafadhali subiri.

Muuza Kuku.

Akaja anayumba. Akaenda kushoto, akarudi kulia, akaligonga tenga, akazunguka kama kuku aliyekatwa shingo. Hakuna mashine inayotembea vibaya namna ile. Nilimtambua kwa ule ubaya.

Sikusalimia. Nilijibanza nyuma ya tenga lake mwenyewe, nikatulia, nikangoja anisahau.

Kisha nikampiga.

Nilimpiga kwa mwiko, kwa ugali wa moto, nikamkalia.

– Mamaa! Mla mbwa! Unampiga mgonjwa!

– Mgonjwa gani? Mimi naona Mngoni.

– Mkono unatetemeka, Atilia. Haushiki.

– Vizuri. Hutakwepa.

Nikasikia anavuta pumzi. Akarusha kuku, akaenda kwenye paa. Akarusha mwingine, ukutani. Nikampiga tena, sikumngoja. Wa tatu, sijui mkono ulimtupaje, ulitetemeka ukazidisha, kuku akagonga nguzo, akarudi, akanipata usoni, miwani ya kweli ikaniruka, uzi ukakatika.

– Hapo! Hapo! Bado unaota, bibi wewe?

Mapigo hayahesabiki pale. Lile nililihesabu.

– Atilia.

– Sijakusamehe.

– Nani kakuomba? Mngoni haombi radhi.

– Uliniacha na tenga tupu.

– Nilikuacha.

– Kaka alikufa, nikaja hapa na udongo miguuni, kinyago chako kikaniambia pole.

Mvua ilikuwa inapiga bati la kwangu, na nyingine ilikuwa inapiga bati la kwake, tunazisikia zote mbili.

– Kilikuambia pole?

– “Mungu akutie nguvu.”

– Mungu wangu. Kwa jina langu?

– Kwa jina lako.

– Basi hicho kinyago ndicho cha kuzika.

Akakohoa. Nilimsikia anasogeza kiti, na kijiko kinagongana na kikombe, kinagongana, kinagongana, hakiachi.

– Unataka nini, Atilia? Nimekuja. Sema unachotaka, mkono umechoka.

Nikavuta bakuli la viazi, nikaanza kumenya.

– Haya. Venansi. Yule Venansi aliyekuwa anakoroma kanisani, katekista anamchokoa kwa fimbo ya kuzimia mishumaa?

– Huyo huyo.

– Kumbe padre kahubiri tena, mwenzetu kalala tena. Ila safari hii kajichimbia chini makusudi, fimbo isimfikie.

Viazi viliniponyoka. Kitu kilinipanda kutoka tumboni, sijui ni kicheko au ni kile kingine, kikanitoka puani, nikashika meza, kopo la sukari likaanguka, simu ikalala chali ikitazama dari, na sauti ya Eufrasia ikatoka humo chini:

– Unalia au unacheka, mla mbwa?

Nikainama karibu na simu.

– Nilitaka mtu mmoja, Eufrasia. Siku ile. Katika watu wote wale, nilitaka mtu mmoja tu asiniambie pole.